Majaribu ya Mtu Aliyekwisha Kubatizwa: Kitabu cha Kumi cha Maungamo ya Augustino

Kitabu cha Maungamo cha Augustino kimepata bahati ambayo pia ni msiba wake: kina hadithi nzuri mno. Kijana wa Thagaste, mji ambao leo huitwa Souk Ahras katika nchi ya Aljeria, anaiba, anazini, anasoma, anafundisha ufasaha wa kusema, anavuka bahari kwenda Roma na Milano. Na mwisho, katika bustani moja huko Milano mwaka 386, analia chini ya mti, anasikia sauti kama ya mtoto, anafungua waraka wa Paulo, na vita vya moyo wake vinatulia. Mwaka uliofuata anabatizwa na Ambrosi, askofu wa mji ule. Mama yake Monika anafurahi, kisha anafariki huko Ostia kabla ya safari ya kurudi Afrika. Hapo ndipo wasomaji wengi hufunga kitabu. Vitabu tisa kati ya 13 vimekwisha, mpotevu amerudi nyumbani, na kilichosalia hudhaniwa kuwa ni falsafa ya wazee.

Kufunga kitabu mahali hapo ni kukipokonya nusu ya maana yake, tena nusu iliyo bora. Augustino aliandika Maungamo baina ya mwaka 397 na 400 hivi. Alikuwa amekwisha kuwa askofu wa Hippo, bandari iitwayo Annaba siku hizi, na miaka kumi au zaidi ilikuwa imepita tangu ubatizo wake. Watu walimjia kwa mashauri, na jina lake lilikuwa limevuka bahari. Mtu wa cheo hicho, akiisha kusimulia jinsi alivyotolewa shimoni, hutazamiwa kuhitimisha kwa shukrani na kuketi. Augustino haketi. Katika kitabu cha kumi anaacha kusema alivyokuwa na anaanza kusema alivyo. Na alivyo, kwa ushahidi wa kinywa chake mwenyewe, ni mtu anayejaribiwa kila siku, na ambaye katika baadhi ya majaribu hayo hajui kama anashinda au anashindwa.

Msomaji wa Afrika ya Mashariki ana sababu ya pekee ya kuliangalia jambo hili. Tangu Uamsho ulipoanza Gahini katika Rwanda miaka ya 1930, ukaenea Uganda, Burundi, Kenya na Tanganyika, ushuhuda umekuwa fasihi ya mdomo ya Wakristo wengi wa nchi hizi. Mtu husimama mbele ya wenzake, hueleza alivyokuwa mlevi au mwizi, hutaja siku aliyookoka, kisha hueleza alivyo sasa. Ni umbo lenye nguvu, wala halifai kudharauliwa. Na Uamsho wenyewe ulifundisha kwamba toba ni ya kila siku, si ya mara moja. Lakini umbo la hadithi lina amri yake. Likitaka zamani na sasa, zamani litaipaka masizi na sasa litaipaka chokaa. Yule asikilizaye kwenye benchi la nyuma, aliyeokoka mwaka jana na ambaye juzi usiku moyo wake ulirudia mambo ya kale, hujiona yu peke yake katika kanisa zima. Ama atanyamaza, ama atajifunza kusema uongo kwa uso wa furaha. Mtu huyo akisoma Maungamo hadi mwisho wa kitabu cha tisa, upweke wake utazidi. Akisoma kitabu cha kumi atakuta askofu ameketi naye benchi moja.

Yafaa kwanza kulipima neno lenyewe. Katika Sala ya Bwana Wakatoliki wanaosema Kiswahili hutaja kishawishi, na Waprotestanti hutaja majaribu. Tofauti hiyo si ya madhehebu tu. Kushawishi ni kumvuta mtu kwa utamu. Kujaribu ni kumpima ili uzito wake ujulikane. Neno la Kilatini la Augustino, temptatio, lilibeba mizigo yote miwili kwa pamoja, na bila kulikumbuka hilo kitabu cha kumi hakieleweki. Tafsiri ya kitabu cha Ayubu aliyokuwa nayo ilimwambia kwamba maisha yote ya mwanadamu duniani ni temptatio, mahali ambapo tafsiri ya Jerome ilisema ni utumishi wa askari. Kama maisha yote ni jaribu, basi hakuna kilima ambacho mtu akikipanda atasema amelipita. Kinachobaki ni kujua anapimwaje leo, na katika nini.

Vitabu vya mwanzo vinaonyesha jinsi mtu anavyoshindwa, na hapo kipaji cha msimulizi kinang'aa. Rafiki yake Alypius alichukia michezo ya Roma ambamo watu waliuana uwanjani mbele ya watazamaji. Wenzake wakamkokota kwa mzaha. Akawaambia kuwa mwili wake wataupeleka, lakini macho na roho hawataviweza. Akaketi amefumba macho. Masikio hakuyaziba. Mtu mmoja akaanguka, umati ukapiga kelele, naye akafumbua macho ili aone ni nini, akiamini kwamba hata akiona atadharau. Tangu alipoiona damu hakugeuza uso tena. Akarudi nyumbani na kiu ya kwenda siku nyingine na kuwakokota wengine. Kisa hiki kinafundisha kuliko risala ndefu, kwa sababu hakimlaumu Alypius kwa udhaifu. Alypius alikuwa na nguvu, na nguvu zake ndizo zilizomwangusha: alizitegemea, akaketi mahali ambapo mtu mwoga asingeketi.

Kisa cha Monika ni kidogo zaidi na, kwa watu wa kawaida, karibu zaidi. Alipokuwa msichana alitumwa kuteka divai katika pipa kwa ajili ya meza ya wazazi. Kabla ya kuimimina alikuwa akigusisha midomo tu, si kwa kuipenda bali kwa utundu wa utoto. Siku kwa siku tone likaongezeka juu ya tone, hata akawa anamaliza vikombe. Waswahili wanalijua jambo hili vizuri: chovya chovya humaliza buyu la asali. Kilichomponya hakikuwa mahubiri. Kijakazi aliyekuwa akifuatana naye pipani aligombana naye siku moja, akamtukana kuwa ni mlevi. Nalo tusi hilo, lililotolewa ili kuumiza, likamwonyesha alipofika, naye akaacha. Augustino anastaajabia dawa iliyotoka katika kinywa cha hasira. Msomaji naye ana haki ya kustaajabu jinsi mwana alivyoweza kuandika hayo juu ya mama aliyemheshimu kuliko watu wote.

Juu ya nafsi yake mwenyewe anaeleza mnyororo ule ambao tangu siku zake umetajwa na wengi: nia iliyopotoka huzaa tamaa, tamaa inayotumikiwa huwa mazoea, na mazoea yasiyopingwa huwa lazima. Pete hizi zimeungana kwa utaratibu ambao mtu hausikii mpaka ajaribu kusimama. Ndiyo maana katika kitabu cha nane akili imekwisha kukubali na mwili unakataa. Raha zake za zamani zinamshika nguo kwa nyuma na kumnong'oneza kama rafiki wanaoachwa, zikimuuliza kama kweli ataweza kuishi bila wao. Mwandishi asiyejua majaribu angeyafanya majitu yenye pembe. Augustino anayapa sauti ndogo.

Kisha bustani, na mnyororo unakatika. Swali la kitabu cha kumi ni hili: mnyororo ukikatika, vipande vyake huenda wapi?

Baadhi vimo katika kumbukumbu. Sehemu ya kwanza ya kitabu hicho ni uchunguzi mrefu wa kumbukumbu, ambao Augustino anaufananisha na majumba makubwa na ghala. Wasomaji wenye haraka huiona sehemu hii kuwa ni kikwazo kati ya hadithi na toba, na ni kweli kwamba ni ndefu. Lakini pasipo hiyo yale yanayofuata yangekuwa orodha tu. Kumbukumbu ndiyo nyumba ambamo mtu mpya na mtu wa kale wanapanga chumba kimoja. Picha za mazoea ya zamani hazina nguvu juu ya Augustino akiwa macho, lakini akilala humjia, na katika ndoto hukubaliwa. Anauliza kwa unyofu kama aliyelala na aliyeamka si mtu mmoja. Hajibu kwa ubingwa. Anaona kwamba akiamka dhamiri yake hutulia, anasikitika kwamba jambo limetendeka ndani yake ambalo hakulitenda, na anaomba liponywe. Askofu kuyaandika haya ili yasomwe na kundi lake, na maadui wake pia, ni ujasiri ambao hadithi ya wizi wa mapeasi haukuhitaji. Dhambi ya umri wa miaka 16 ni rahisi kuungama mtu akiwa na arobaini na kitu.

Augustino anayapanga majaribu kwa mafungu matatu aliyoyachukua katika waraka wa kwanza wa Yohana: ya mwili, ya macho, na ya majivuno. Katika la kwanza chakula kinapewa nafasi kubwa, nalo ni chaguo la mwandishi mwenye busara. Zinaa mtu anaweza kuikata mara moja asiiguse tena, chakula hawezi. Ulevi anasema uko mbali naye, bali ulafi umemnyemelea mara kwa mara. Angependa kula kama mtu anywavyo dawa, lakini kati ya njaa na shibe kuna njia, na njia yenyewe ni tamu. Humo mtego umetegwa. Afya huomba kidogo, anasa huomba zaidi, na moyo hufurahia kutojua ni nani kati yao anayeomba, ili anasa ipite ikiwa imevaa nguo za afya. Anakumbusha kwamba Eliya alikula nyama bila hatia, na Esau akaponzwa na dengu. Kwa maneno mengine, unajisi hauko katika sahani. Kila mtu aliyewahi kufunga Kwaresima na kujikuta akiwaza futari kuliko sala ataujua ukweli wa ukurasa huu.

Juu ya harufu nzuri anapita upesi, kwa kuwa hazimsumbui, naye hajisingizii dhambi asiyokuwa nayo ili aonekane mnyenyekevu. Juu ya nyimbo anasitasita. Anakumbuka machozi aliyoyatoa akisikia nyimbo za kanisa alipoanza kurudi kwenye imani. Anakumbuka pia kwamba Atanasi wa Aleksandria alimwagiza msomaji wa zaburi apindishe sauti kidogo sana, hata iwe karibu na kusema kuliko kuimba. Anaelekea kuikubali desturi ya kuimba, kwa ajili ya walio dhaifu, na papo hapo anaungama kwamba kuna siku sauti inamgusa kuliko neno linaloimbwa. Hukumu hii isiyokamilika ina faida kubwa kwa makanisa yenye kwaya nzuri.

Katika fungu la pili, tamaa ya macho, hazungumzii uzuri wa vitu tu. Anazungumzia uchu wa kuona na kujua kwa ajili ya kuona na kujua. Anasema ameacha michezo ya kuigiza na kuwauliza wanajimu. Lakini akipita shambani na mbwa akamfukuza sungura, mawazo yake hukimbia pamoja na mbwa, ingawa mnyama aliyempanda haupindi mwendo. Akiwa ameketi nyumbani, mjusi akinasa nzi au buibui akiwafunga wavuni mwake, askofu hutazama. (Waswahili humwita mjusi wa nyumbani mjusi kafiri, na hapa kafiri huyo amemkamata mtakatifu.) Wako wahakiki wanaoucheka ukurasa huu kuwa ni wasiwasi wa mtu asiye na kazi. Cheko hilo si la haki. Augustino hasemi kwamba kumtazama mjusi ni dhambi kubwa. Anasema kwamba huweza kuanza hivyo, akaishia kumsifu Mwumba, lakini kwamba hakuanza kwa kumsifu. Anachokiandikia ni namna moyo unavyojaa vitu vidogo hata sala inakatwa katikati. Mtu asiyeijua hali hiyo hajawahi kujaribu kusali.

Fungu la tatu ndilo kilele. Askofu ni lazima aheshimiwe na apendwe, la sivyo kazi yake haifanyiki. Nayo heshima ni tamu. Hapa Augustino anagundua kwamba jaribu la sifa lina tabia isiyo ya majaribu mengine. Mtu akitaka kujua kama anatawaliwa na mali, huweza kuitoa akajipima. Akitaka kujua kama anatawaliwa na sifa atafanyaje? Aishi vibaya kusudi, ili asiwepo wa kumsifu? Sifa ni kivuli cha maisha mema, haiondoki mpaka maisha mema yaondoke. Anajitetea kwanza: labda anapenda kusifiwa kwa ajili ya jirani, kwa kuwa anafurahi kuona mwenzake ametambua lililo jema. Halafu anaiangusha hoja yake mwenyewe kwa swali moja: ikiwa ni kwa ajili ya jirani, kwa nini anaumia zaidi akisingiziwa yeye kuliko akisingiziwa mwingine kwa udhalimu uleule? Hana jibu. Na hata kuidharau sifa, anasema, ni njia moja ya kujisifu.

Ukurasa huu unakigeukia kitabu chenyewe. Maungamo yalisifiwa, Augustino aliandika katika uzee wake, mwaka 427 hivi, kwamba anajua yamewapendeza ndugu wengi. Mtu aliyesema kwamba sifa ndiyo moto unaompima alikuwa akiandika kitabu ambacho kingemletea sifa kwa kusema hivyo. Hawezi kuutoka mtego huo, wala hadai kuwa ametoka. Katika dua yake anarudia zaidi ya mara moja ombi kwamba Mungu atoe kwanza kile anachoamuru, kisha aamuru apendavyo.

Ombi hilo lilizua ugomvi mkubwa. Augustino mwenyewe anasimulia kwamba Pelagius, mtu wa dini aliyetoka Britania, alipolisikia likisomwa huko Roma na askofu mmoja, alikasirika karibu kugombana. Si vigumu kumwelewa. Pelagius aliona Wakristo wa Roma wakiishi kivivu, naye aliamini kwamba Mungu haamuru lisilowezekana. Mtu akiambiwa kwamba hata kujizuia ni zawadi, atakaa akingoja zawadi. Mtaguso wa Karthago uliyalaani mafundisho ya Pelagius mwaka 418, lakini hofu yake haikulaaniwa, wala haistahili. Wapo wanaotumia neema kama mto wa kulalia. Hata hivyo kitabu cha kumi hakimpi mvivu nafasi. Mtu anayejipima katika kijiko cha chakula, katika mjusi, katika furaha ya kusifiwa, hajalala. Tofauti ni kwamba Pelagius alitaka mpiganaji awe na uhakika wa mkono wake, na Augustino alikuwa amemwona Alypius uwanjani.

Lakini lipo kosa, na mhakiki asilifunike kwa heshima. Katika mizani hii nyembamba jirani anapotea. Augustino aliishi kwa miaka mingi na mwanamke ambaye jina lake hakulitaja, akamzalia mwana. Ndoa ya cheo ilipoposwa huko Milano, mwanamke huyo aliondolewa akarudishwa Afrika, akiacha mtoto, akiapa kwamba hatamjua mwanamume mwingine. Augustino anasema moyo wake ulijeruhiwa ukatoka damu; na kwa kuwa mchumba alikuwa mdogo, na ilibidi kungoja miaka miwili, akatwaa mwanamke mwingine. Moyo wake ulitoka damu: moyo wa mwanamke haukuulizwa. Katika habari ya mapeasi ni vivyo hivyo. Anachimba wizi ule kurasa kwa kurasa, anauliza kwa nini alipenda uovu kwa ajili ya uovu, wala haulizi hata mara moja mwenye mti alipoamka asubuhi alikuta nini. Yawezekana kujibu kwamba maungamo husemwa kwa Mungu, na kwamba haikuwa desturi kumtaja mwanamke wa namna ile. Jibu hilo lina uzito, lakini halitoshi. Mtu anayeweza kuuona wavu wa buibui katika moyo wake angeweza kumwona mwanamke aliyepanda merikebu peke yake. Na swali lake juu ya sifa, kwa nini naumia zaidi kwa ajili yangu kuliko kwa ajili ya mwingine, lingeweza kufunua mengi kama angelirudisha nyuma mpaka siku ile.

Jambo moja linampunguzia lawama. Karibu na mwisho wa kitabu cha kumi anaungama kwamba, akiogopa dhambi zake, aliwaza kukimbilia jangwani. Habari za Antoni wa Misri, aliyeacha mali akaenda nyikani, ndizo zilizomwasha siku ya bustani. Kwa hiyo wazo hilo halikuwa la ajabu. Anasema Mungu alimkataza. Akabaki Hippo, kati ya mashauri ya urithi, walalamikaji mlangoni, wageni mezani, na sifa, akaishi na jirani yule yule ambaye kalamu yake ilimpita.

Possidius, rafiki yake aliyeandika maisha yake, anasema kwamba mezani pa Augustino palikuwa na maandishi ya kuwaonya wageni wasiwaseme watu wasiokuwapo, na kwamba siku moja maaskofu wenziwe walipoyasahau aliwaambia ama yafutwe, ama yeye aondoke aende chumbani mwake. Anasema pia jinsi alivyokufa, mwezi wa Agosti mwaka 430, Wavandali wakiwa wameuzingira mji. Mzee huyo alikuwa akifundisha kwamba hata Wakristo na makasisi wanaosifiwa wasitoke mwilini bila toba. Akaagiza zile zaburi chache za Daudi zinazohusu toba ziandikwe katika karatasi na kubandikwa ukutani mbele ya kitanda chake. Na kwa siku kumi hivi za mwisho akaomba asiingie mtu, ila waganga walipokuja kumwona na chakula kilipoletwa, akalala akizisoma na kulia.